Lile kombe la Julai kule Marekani (ICC): mzee wetu wa maskani anataka tulilete uwanja wa Amaan, Zanzibar

KikwajuniJuu (mleta uzi)

Assalaam aleikum wakuu.

Juzi baada ya Isha maskani kwetu palichafuka. Mzee mmoja wa bao, mtu asiyesema sana, kaweka kete chini akatamka: "Kipupwe hiki ndio wakati wa Zanzibar kuwa na kombe lake la kualika vilabu, kama lile la Marekani." Vijana wakashangilia. Mmoja kashaanza kupanga Real Madrid watalala hoteli gani Nungwi. Mie nikacheka mpaka kahawa ikanipalia, nikasema mbele ya watu kwamba lile halikuwa kombe, lilikuwa duka. Tumewekeana: hoja yangu ikilala hapa jamvini, nawanunulia kahawa na kashata maskani nzima wiki moja.

Sasa tuanze. Wengine walikuwa wadogo, watasema namzulia mzee.

Kombe lenyewe ni International Champions Cup, wengi tukiliita ICC. Lilianza 2013, chini ya kampuni ya Relevent ya tajiri Stephen Ross. Huyu Ross ndiye mwenye Miami Dolphins, timu ya ule mpira wao wa Kimarekani, na uwanja wa Miami ni wake. Fainali ya 2013 ikachezwa wapi? Miami. Ya 2014? Miami tena. Mtu ana duka, ana jengo, anaalika wenye majina makubwa waje wasimame mlangoni. Simlaumu, ndiyo biashara, lakini tusiite jihadi.

Mwaka ule wa kwanza uliangukia Ramadhani. Nakumbuka vizuri kwa sababu banda la mpira lilikuwa linafunguliwa wakati wa daku. Fainali ilikuwa Madrid na Chelsea, Mourinho katoka Madrid juzi tu, yuko benchi la pili. Kwa saa zetu ni alfajiri ya tarehe 8 Agosti, watu washaanza kuulizana habari za mwezi. Madrid 3, Chelsea 1. Ronaldo mawili, Marcelo moja. Tukashangilia kwa sauti ya chini tusiamshe mtaa, mkono mmoja una kipande cha muhogo. Sikatai, ilikuwa raha.

Lakini angalieni lilivyokwenda baada ya hapo. 2015 wakaligawa mapande, moja Amerika Kaskazini na Ulaya, moja Australia, moja China. Paris Saint-Germain bingwa huku, Madrid bingwa kule na kule tena. Mwaka mmoja, mabingwa kwa kila bara! Fainali wakaifuta, wakabaki na msimamo. 2018 ndio kilele cha vituko: timu 18, kila timu mechi 3, halafu mmoja anaitwa bingwa. Ligi gani hiyo ya timu 18 ambayo wengi hawakutani hata kwa bahati mbaya?

Bingwa alikuwa Tottenham. Nasimama hapo kidogo, mwenye kucheka acheke.

Hoja yangu ni moja tu. Kombe ambalo hakuna anayeumia akilikosa halidumu. Lilikwenda mpaka 2019 Benfica akalichukua, 2020 ikaja korona, na mpaka leo sijamsikia mtu hata mmoja maskani anayelililia. Sasa tukilete kitu cha namna hiyo Amaan ili iweje?

Pweza_Mkavu

Nimekaa mkao wa kula. Uzi huu utafika mbali.

FundiDishi

Mleta uzi umenikumbusha mbali. Miaka ile Julai ilikuwa msimu wangu wa mavuno. Mtu anakuita saa nne usiku, "Fundi njoo, dishi limehama." Unafika, dishi halijahama popote, mwanawe kalitundikia nguo. Unalipwa vilevile.

El Clasico ya Miami 2017, tarehe 29 Julai kwao, kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 30. Nilikuwa juu ya bati Mwanakwerekwe na tochi mdomoni. Kabla sijashuka Messi kashafunga. Barcelona 3, Madrid 2, Piqué ndiye aliyefunga la tatu. Basi usiniambie ule haukuwa mpira, kaka. Banda lile lilikuwa na watu wamesimama mpaka nje.

KikwajuniJuu

Fundi, sisemi mechi haikuwa tamu. Nasema kombe halikuwa kombe. Nikuulize: Barcelona 2017 alichukua ICC ya Marekani, unakumbuka?

FundiDishi

Sikumbuki, wallahi.

KikwajuniJuu

Basi tumemaliza.

MashetaniMekundu_Wete

Hapa ndipo penye kidonda changu. 2014, Van Gaal, kocha wetu mpya wa Manchester United, katoka Kombe la Dunia na Uholanzi, nafasi ya tatu, watu tuna matumaini mpaka masikioni. Tukaenda Marekani tukampiga Madrid 3-1 pale Michigan, tukamfunga Liverpool 3-1 kwenye fainali Miami, Gerrard kaanza kwa penalti, Rooney, Mata na Lingard wakajibu. Wete nzima haikulala. Kuna mtu alichinja kuku wawili.

Siku kumi na mbili baadaye, ligi imefunguliwa, Old Trafford, Swansea wakatupiga 2-1. Mwisho wa mwezi, kwenye Kombe la Ligi, tukala nne kwa MK Dons, timu ya daraja la tatu. Nne bila! Aliyechinja kuku tukamkimbia njiani.

Tangu siku hiyo mechi za Julai natazama kama ninavyotazama ngoma ya harusi ya jirani. Napiga makofi, sitoi pesa.

Pweza_Mkavu

"Napiga makofi, sitoi pesa." Nimeiandika ukutani.

Kocha_wa_Mchangani

Niseme kidogo kama mtu anayefundisha watoto, si timu kubwa, watoto wa mtaani tu.

Mnakosea kuipima mechi ya maandalizi kwa matokeo. Julai mchezaji katoka likizo, miguu mizito, kocha anamhitaji apate dakika. Ndiyo maana unaona dakika ya 60 wanabadilishwa watu saba kwa mpigo. Anayetazama anaudhika, kocha anapata alichokifuata. Mfano mzuri ni Atlético na Madrid, Julai 2019, New Jersey. Atlético 7, Madrid 3. Diego Costa peke yake mabao manne, na kadi nyekundu akachukua, maana yeye bila vurugu hajisikii. Magazeti yakaandika Zidane kwisha. Mwisho wa msimu bingwa wa La Liga nani? Madrid.

Na wanaofaidika kweli ni watoto. 2015 New York Red Bulls walipanga vijana wengi mbele ya Chelsea, bingwa wa Uingereza wakati ule. Wakashinda 4-2. Mmoja wa waliofunga alikuwa na miaka 16, Tyler Adams. Miaka saba baadaye ndiye nahodha wa Marekani kwenye Kombe la Dunia Qatar. Mtoto wa Jang'ombe akipata dakika 30 mbele ya mtu kama yule, hata akila tano, anarudi nyumbani si yuleyule.

Kwa hiyo KikwajuniJuu, duka nakubali. Lakini dukani pia watu hununua unga.

KikwajuniJuu

Kocha umenibana hapo, nakiri. Lakini Red Bulls walikuwa wenyeji na ligi yao ina pesa za kuwaalika Chelsea. Sisi tutawaalika kwa nini, kwa urojo?

Msuka_Ukili

Mie ni mwanamke mmoja humu, naona mnagombania mabao tu. Nauza chakula jirani na Amaan, ngojeni niwape hesabu ya sufuria.

Mei 25, 2025, fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane ya Morocco. Watu walivuka na boti tangu siku mbili kabla. Mbatata nilizotia nikidhani zitabaki, saa kumi zimekwisha, nikatuma mtoto Darajani. Sare 1-1, Waarabu wakabeba kombe kwa 3-1 ya jumla, wageni wakalia, lakini walikula kwanza. Agosti ile ile ikaja CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, kundi la Senegal, Kongo, Sudan na Nigeria likachezwa hapa kwetu. Sudan waliwapiga Nigeria nne bila siku ile, na mie Msudani sikuwa nikimjua, nikajikuta nashangilia. Watu wa Sudan wana vita kwao, wanacheza vile!

Sasa mnasema mechi isiyo na kitu haina faida. Ile ilikuwa na kitu, ndiyo ikajaza watu. Mkileta Wazungu wanaotembea uwanjani kwa kuona jua, watu watakuja mara moja, ya pili watakaa nyumbani. Sufuria haidanganyi.

Pweza_Mkavu

Bi Msuka kaeleza kwa mbatata zaidi ya wanaume wote humu.

Chake_Sio_Mbali

Naona Unguja mnaongea wenyewe kama kawaida. Yakhe, kombe la mwaliko tunalo! Kombe la Mapinduzi ni nini? Tangu 2007 tunaalika. Walikuja URA wa Uganda 2016 wakabeba, KCC 2014 wakabeba, Azam kabeba mpaka tukamzoea. Halafu 2023 Mlandege, timu yetu ya nyumbani, ikachukua. Watu wakasema bahati. 2024 ikachukua tena, fainali ikamfunga Simba 1-0 kwenye Amaan mpya, rangi haijakauka vizuri. Hiyo ICC yenu ilifanya hivyo lini? Mwenyeji alibeba lini?

Na 2025 lilipofanywa la timu za taifa lililetwa wapi? Gombani, uwanja wetu wa Pemba! Zanzibar Heroes 2, Burkina Faso 1. Nilikuwepo. Sitasahau mpaka naingia kaburini. Watu waliokuja kutoka Micheweni na Mkoani walirudi usiku kwa magari ya shamba wakiimba, sauti zikisikika mpaka zilipofika mbali.

Sare zenyewe za ICC mnajua zilivyoamuliwa? Ukishinda pointi 3, ukitoka sare mnapiga matuta, aliyeshinda matuta 2, aliyeshindwa 1. United na Milan 2018 walipiga penalti 26 kwa mechi ya kirafiki, 9-8. Penalti ishirini na sita! Watu wazima hawana kazi?

MashetaniMekundu_Wete

Hiyo tulishinda sisi.

Chake_Sio_Mbali

Umebeba nini?

MashetaniMekundu_Wete

...

Mpiga_Hesabu

Naongeza namba, maana namba hazina timu. Ile mechi ya Michigan 2014 ya United na Madrid ilihudhuriwa na watu 109,318, rekodi ya mpira wa miguu Marekani. New Amaan inachukua 15,000. Ukiijaza mara saba bado hujafika. Tena ule ni uwanja wa chuo kikuu, si wa taifa. Mwenye kuuza tiketi laki moja anaweza kuwalipa Madrid waje na Ronaldo akiwa nusu mgonjwa, aingie robo ya saa apunge mkono. Amaan huwezi, hata ukiuza na nafasi za kukaa juu ya ukuta.

Hata Dar walioweza walibebwa na kampuni ya kubashiri. Everton Julai 2017 na Gor Mahia ya Kenya, 2-1, Rooney karudi Everton mechi yake ya kwanza akafunga la mbali. Sevilla na Simba Mei 2019, tano kwa nne. Tukavuka bahari kwenda kutazama, tukarudi. Kilichobaki ni picha za simu, na simu yenyewe nimeshaiuza.

Jamvi_la_Wenye_Shaka

Mnaijadili ICC kama imekufa. Haijafa, imevaa kanzu nyingine. Relevent haohao 2018 waliandikiana mkataba na La Liga, wakataka Girona na Barcelona wacheze mechi ya ligi, ya pointi, Miami. Ikashindikana. Wakaenda mahakamani na FIFA. 2025 ikatangazwa Villarreal na Barcelona, Miami tena, Desemba. Oktoba ikafutwa. Na nyuma kidogo, Machi 2016, watu wa Relevent walikaa hotelini London na vilabu vitano vikubwa vya Uingereza kuzungumzia mashindano ya Ulaya yaweje. Mwezi huo nani anaongoza ligi ya Uingereza? Leicester! Hakualikwa.

Kwa hiyo utamu wa Julai ulikuwa chambo. Kwanza wanakuzoesha kuwaona kirafiki, halafu wanakuja kuchukua mechi yenyewe. Mvuvi anajua: samaki hali ndoana, anakula chambo.

KikwajuniJuu

Jamvi, hapo ndipo nilipotaka mtu afike. Ahsante. Naona kahawa siinunui.

Mchezaji_Bao

Mleta uzi, mimi ndiye huyo mzee. Mjukuu wangu ananiandikia, mie nasema, yeye anabonyeza. Akikosea msinilaumu.

Kwanza salamu. Pili, sikusema Real Madrid. Madrid kasema yule kijana wa Nungwi, wewe ukamjibu yeye na kunihesabia mimi. Ulikuwa ukicheka, mwenye kucheka hasikii.

Nilichosema ni hiki. Timu zetu za Bara kila Julai zinapanda ndege. Simba alikwenda Misri 2024, Yanga mwaka huohuo akaenda Afrika Kusini, akacheza na Augsburg ya Ujerumani, akamfunga Kaizer Chiefs nne bila palepale kwao. Wanatafuta baridi na uwanja mzuri na mtu wa kucheza naye. Kipupwe hapa si baridi ya kutosha? Zamani mechi ya watani ikikaribia, Yanga hukimbilia Pemba, Simba huja Unguja, wanajificha wasionekane. Kujificha wanakuja, kucheza hawaji. Nikasema waalikwe wao, na Gor Mahia, na watu wa Comoro, na wa Mombasa, wacheze na zetu wiki moja kabla ya ligi. Kagame Cup ya 2024 Dar, kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati, Red Arrows wa Zambia alikuwa mgeni tu, akabeba. Mgeni anaongeza ladha.

Wewe hukumwona Malindi. 1995 ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF, la Afrika nzima. Timu ya hapa, ya pale bandarini. Mwaka huohuo Zanzibar ikachukua Chalenji, kombe la timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, kule Uganda. Unadhani walitoka wapi watu wale? Walikuwa wakicheza na kila meli inayotia nanga, na kila timu inayopita. Hakuna aliyeuliza kama ni kombe au si kombe.

CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walitupokea uanachama Machi 2017, Julai wakatutoa. Miezi minne tu. Timu ya taifa haiwezi kutafuta Kombe la Dunia wala AFCON. Mtoto wetu atacheza na nani, na kivuli chake? Ndio maana nataka kombe la kirafiki. Wamarekani walikuwa na ligi, wakaongeza duka. Sisi duka hatuna na kaya imefungwa.

Mjukuu anasema niache, simu inaisha chaji.

Kocha_wa_Mchangani

Sheikh wangu, umenitoa machozi. KikwajuniJuu, nunua kahawa.

Chake_Sio_Mbali

Nunua kahawa. Na nusu ya mechi zichezwe Gombani, mzee hajasema lakini nasema mie.

KikwajuniJuu

Ngojeni. Nilibishana na ICC, sikubishana na mzee. Alichosema sasa si alichosema juzi. Juzi kasema "kama lile la Marekani", mashahidi wapo.

FundiDishi

Nilikuwepo. Kasema "la kualika vilabu", halafu ndipo akasema "kama lile la Marekani." Wewe ulianza kucheka kwenye "kualika".

Msuka_Ukili

Mwanangu, hata sufuria imekuhukumu. Kama Gor Mahia anakuja, wanaokuja naye hawapungui boti nzima. Mie nipo upande wa mzee.

Mpiga_Hesabu

Kwa kumbukumbu: vikombe ishirini vya kahawa kwa usiku, siku saba, vikombe 140. Kashata sijahesabu, sitaki kumuumiza.

KikwajuniJuu

Haya. Naanza kesho baada ya Isha. Lakini nina sharti moja: yule kijana wa Nungwi aliyetaka Madrid hanywi.

Pweza_Mkavu

Mie ndiye huyo kijana, bro. Nilikuwa nimekaa kimya makusudi.